Kijiti cha Kontakta

Mgeni aliingia kinuni umeme ukiwa umekatika, akamkuta Zamoyoni ameingiza mkono ndani ya mashine, anakwangua unga.

"Hodi, mama. Mimi fundi umeme, naomba maji ya kunywa."

Kabla hajajibiwa, alikwenda ukutani akachomoa kijiti kilichobanwa kwenye kontakta, swichi kubwa ya mota.

"We binti, rudisha. Koili yake, ile sumaku ya kuivuta, imeungua, bila hicho haishiki."

"Kontakta nzima huachia umeme ukikatika. Ukirudi, inangoja ubonyeze. Kijiti hakingoji mtu."

Taa zikawaka. Mashine ilibaki kimya, na mkono wa Zamoyoni ulikuwa bado ndani. Aliutoa taratibu, akautazama.

"Kesho nakuletea koili. Niahidi hutakirudisha."

"Nakuahidi, mwanangu."

Mgeni alipoondoka, wateja waliokuwa wakingoja nje kusagiwa walinuna. "Kijiti tu, Zamoyoni? Kinuni kwa Mwinchande wanasaga."

"Nendeni basi. Hapa hatusagi kwa kijiti tena."

Wakabeba ndoo zao, wakaenda. Zamoyoni alisimama mlangoni, kifua mbele, vidole vyake vyote vyeupe kwa unga. Mama mmoja akageuka njiani, akarudi, akatua mahindi yake kizingitini na kuketi kando yake.