Wino Usiofutika

Siku hizo cheti cha ndoa kilichapwa nyumbani, na wino wake ulipofifia, ndoa nayo ilikwisha. Kila mwaka Mahimbo alinunua katriji ya wino wa mwaka mmoja tu, na kila mwaka mkewe, Sikitu, aliishi roho juu.

Safari hii Sikitu alikwenda dukani mwenyewe.

"Nipe wino usiofutika."

"Mama, huo hauna kurudi nyuma," muuzaji alimwonya.

"Ndiyo maana nautaka."

Printa ilinguruma, cheti kikatoka, herufi zake nyeusi tititi. Mahimbo alikisoma mpaka chini, palipoandikwa "wino usiofutika", akacheka.

"Umenishika!"

"Tumeshikana, mume wangu."

Mahimbo akatia sahihi. Sikitu alipiga vigelegele mpaka majirani wakaitikia. Alipogeuka, Mahimbo alikuwa akisugua herufi kwa kidole gumba, aone kama zitatoka.