Mruko Usiorudi

"UJUMBE UMETUMWA KWA WAKULIMA WOTE," ikaandika skrini ya Nzilani.

Alikuwa akijaribu kipande kimoja tu cha programu kuukuu ya ushirika wa maparachichi wa Kilungu. Kipande hicho huitwa, hukagua majina, kisha hurudi kilikoitwa. Ila asubuhi hii alikitia amri ya kuruka kwingine, GO TO. Programu ikaruka nje, ikakosa njia ya kurudi, ikateremka hadi kwenye amri ya kutuma: "Vuneni leo."

Matunda yalikuwa bado hayajakomaa. Lile alilopasua mezani lilikuwa na kokwa yenye ganda jeupe pe. Yakikatwa sasa hayaivi, yananyauka tu kama ngozi ya kiatu.

Akampigia mama yake.

"Mama, msikate!"

Huko mlimani watu walikuwa wakiimba, matawi yakitikisika.

"Unasema? Mwethya mzima uko hapa, majirani wote wamekuja kusaidia! Nimewaambia tuanzie kwetu, maana ni mtoto wangu aliyetutumia ujumbe."

"Mama, nisikilize..."

"Ngoja nikuweke kwa spika, uwasalimie."

Wimbo ukakatika. Wote wakamngoja aseme.