Jembe la Msimu wa Mwisho

Lwitiko alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje ya dirisha pale honi ya lori la kwenda Zambia ilipoharibu kila kitu.

"Kata!" Jenista, mwongozaji, alivua spika za masikioni. "Tunarudia. Na wewe Lwitiko, toroka kwa raha kidogo. Unatoroka kama mtu anayeogopa kweli."

Watu wakacheka. Lwitiko hakucheka.

Kwa misimu tisa nchi nzima ilikuwa imemcheka Baba Chausiku, mume wa kwenye runinga aliyeishi na mwanamke bila kutoa hata jembe la posa. Kila wakwe walipobisha hodi, yeye aliruka dirishani. Kichekesho kilikuwa hicho hicho, na watu hawakukichoka. Sasa igizo lenyewe, Mkwe Hajaja, lilikuwa linafika mwisho. Leo, katika ile nyumba ya kupanga hapo Tunduma, Baba Chausiku angejaribu kuruka kwa mara ya mwisho, angekamatwa na majirani, na angetoa jembe. Na jembe likishapokelewa na baba wa binti, halirudi tena. Hiyo ndiyo mila ya huku, na hapo ndipo igizo lilipotakiwa kuishia.

Kilichofichika ni kwamba Lwitiko mwenyewe hakuwa na tofauti kubwa na Baba Chausiku. Ketrina, aliyeigiza mkewe, alikuwa mchumba wake wa siri tangu msimu wa nne. Alimpenda mpaka usingizi ukamruka. Lakini baba yake Ketrina, mkulima wa kahawa kule Igamba, alimtia hofu kabla hajamwona hata kwa picha. Mzee huyo hakuwa na runinga, wala hakuwa na muda na wachekeshaji. Mara mbili Lwitiko aliwasha pikipiki kwenda kujitambulisha, na mara mbili aligeuzia njia panda.

"Msimu ukiisha hujaenda kwa baba, na sisi tumeisha," Ketrina alikuwa amemwambia, bila kupandisha sauti. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Na msimu ulikuwa unaisha leo.

"Mzee Sebastian bado anaumwa?" Lwitiko aliuliza. Sebastian ndiye aliyeigiza baba mkwe, ingawa misimu yote hiyo alisikika tu nje ya mlango.

"Bado. Tumepata mwingine," Jenista alijibu. "Hajawahi kuigiza, mvumilie."

Mwingine huyo alikuwa ameketi barazani, koti la kijivu mwilini, fimbo mapajani. Alikuwa amekataa kupakwa poda. Lwitiko alimpa shikamoo. Mzee aliitikia, kisha akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akarudi tena kwenye viatu.

"Twende!" Jenista aliita.

Hodi ikapigwa. Lwitiko akalirukia dirisha, akagota. Majirani hawakuwepo. Mzee alikuwa ameshazunguka nyumba, amesimama nje, fimbo yake imekingama dirishani. Hilo halikuwemo kwenye skripti.

"Rudi ndani," mzee alisema. "Tuongee."

Lwitiko alimtupia Jenista jicho. Jenista hakukata.

Mzee aliingia, akakaa. "Mshenga wako yuko wapi?"

Swali hilo angalau lilikuwemo. "Amekimbia, mzee. Amesema nitamtia aibu."

Wapiga picha walibana vicheko. Mzee hakutikisika. "Basi jisemee mwenyewe. Baba yako nani?"

Lwitiko alitafuta uongo wa kuchekesha, akaukosa. "Asajile, wa Ileje. Sisi ni Wandali."

"Una shamba?"

"La mahindi, mzee. Na kahawa nimepanda mwaka jana, bado michanga."

"Watu wakichoka kukucheka, binti yangu atakula nini?"

Swali lilimchoma. Ndilo hasa aliloogopa kwenda kuulizwa kule Igamba. Lakini hapa palikuwa na taa, kamera na mzee wa kuazima. Hapa mtu hafi kwa kujibu.

"Nitalima," alisema. "Nitabeba hata mizigo hapo mpakani. Hatalala njaa. Nampenda, mzee. Nilikuwa nakimbia kwa woga, si kwa dharau."

Lwitiko alichukua jembe lililoegemezwa ukutani, akapiga magoti, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Mzee hakulipokea. Alimgeukia binti, aliyekuwa ameketi pembeni. "Ketrina, nilipokee?"

Lwitiko alishtuka. Mzee amekosea! Alipaswa kusema Mama Chausiku. Sasa wangerudia yote, naye hakuwa na nguvu ya kuyasema yale mara ya pili. Akasubiri kusikia "kata". Haikuja.

"Lipokee, baba," Ketrina alisema, machozi yakimtoka.

Mzee akalipokea jembe, akalibana kwapani.

"Kata," Jenista alisema taratibu. "Tumemaliza."

Makofi yakalipuka. Watu wakakumbatiana, wengine wakilia, maana igizo ndilo limekwisha. Lwitiko alimvuta Ketrina karibu na mlango.

"Usiniache," alimsihi. "Nipe mpaka Jumapili tu. Nitakwenda Igamba, naapa. Leo nimeona kwamba kusema naweza, ila..."

"Ila nini?"

"Ila huyo baba yako mwenyewe namwogopa."

Ketrina alifuta machozi, akachungulia nje. Mtunza vifaa alikuwa akimwomba mzee arudishe jembe la igizo, na mzee, ameshapanda bodaboda, alikuwa amelikumbatia na kukataa katakata kuliachia.

"Baba, subiri kidogo," Ketrina aliita. "Mkweo anasema bado anakuogopa."