Tuta la Miiba

Zamani sana, wanyama walikubaliana kwamba njia inayopita kando ya viota vya kanga ni ya kutembea tu, mbio marufuku. Ngiri akapewa kazi ya ulinzi. Lakini Pofu, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, aliipita mbio kila asubuhi, na kila alipopita, Ngiri alikuwa amepiga magoti, pua kwenye nyasi, haoni kitu.

Siku moja Pofu akamkanyaga kifaranga. Mama Kanga akachomoka mbio kumwokota mwanawe, na papo hapo Ngiri akainuka.

"Simama! Hapa hapakimbiwi."

"Mwanangu amekufa, halafu unanikamata mimi?"

"Pofu simfikii, mama. Wewe nakufikia."

 Mama Kanga alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake Nungunungu, ambaye mchana kutwa hulala. "Jirani, kesho kalale katikati ya njia, miiba juu."

Kesho yake Pofu alikuja kasi, akaiona miiba, akasimama ghafla. Akaizunguka polepole kama mtu anayeingia msibani, huku akifoka: "Ngiri! Nani kaweka uchafu huu?"

Ngiri, kusikia sauti ya mkubwa, akaja mbio bila kutazama chini. Miiba ikamwingia puani.

"Mama Kanga, njoo unichomoe! Upesi, nakufa!"

Mama Kanga akanyanyuka kiotani, akajikung'uta manyoya.

"Nakuja, afande," alisema. "Ila hapa hapakimbiwi."

Akaanza kutembea, akidonoa mbegu moja moja njiani.