Kiputo cha Kobe

Kiputo kilirudi pale pale ukutani, na maneno yale yale: "Aliacha ili mdogo wake asome."

Mwalimu alikuwa amekifuta dakika tatu tu zilizopita. Hakutaka mchezo siku hiyo. Nyuma ya darasa alikaa mwalimu wa taaluma, miwani puani na fomu mapajani, amekuja kuamua kama huyu wa majaribio ataajiriwa au ataaga.

Somo alilipanga wiki nzima. Ilikuwa ramani ya mawazo ya mtandaoni, ile inayochorwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Katikati aliweka swali: Kwa nini watu huacha shule? Kila mwanafunzi alifungua linki kwenye kishikwambi chake na kuandika sababu moja, nayo ikatokea kwenye skrini ya ukutani ndani ya kiputo, imeunganishwa na swali kwa mstari. Majina hayakuonekana. Programu ilimpa kila aliyeingia jina la mnyama, ndiyo maana Twiga na Nyegere walikuwa wakibishana ukutani bila aibu. Linki yenyewe aliituma alfajiri kwenye kundi la darasa, pamoja na agizo la kila mtu kuandika sababu moja, huku akitafuta soksi ya pili chini ya kitanda.

Mwenye kiputo hiki aliitwa Kobe. Herufi zake zilikuja moja moja, kama za mtu anayeandika kwa kidole kimoja na hakiamini hicho kidole. Darasa likawa linamsubiri kwa hamu, na kila neno lilipokamilika walicheka.

Mwalimu alitupa jicho kwenye kona ya skrini, penye hesabu ya walioingia. Thelathini na watatu. Wanafunzi thelathini na wawili, na yeye mwenyewe. Basi mtundu yumo humu humu ndani. Aliridhika sana na hesabu yake, akafuta tena.

"Tunataka sababu, hatutaki visingizio," alisema. Alipoona mwalimu wa taaluma anaandika kitu, akaongeza chumvi kidogo. "Mimi nimetoka kwenye shida kuliko nyinyi wote. Hakuna aliyenibeba. Nimesoma kwa jasho langu mwenyewe."

Sentensi hiyo aliipenda. Aliisema hata kwenye sherehe ya kuhitimu kwake, ndugu wote wakiwa wamekaa, na dada yake mkubwa ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Kobe akaanza tena. A. L. I.

Hapo damu ikamchemka. Macho yake yakaenda moja kwa moja safu ya dirishani, kwa msichana ambaye wenzake walimwita Shangazi. Alikuwa na miaka kumi na tisa katikati ya watoto wa miaka kumi na mitano. Alikaa nyumbani miaka minne akilea wadogo zake, ndipo akarudi shule mwaka huu, na kila mtu alijua kwamba kuandika kwenye kioo kulimpa taabu.

"Shangazi, simama."

Mwalimu hakuwahi kumwita hivyo, lilimtoka tu. Vicheko vikapasuka darasa zima. Akamwambia mbele ya wote kwamba huruma haitafutwi ukutani, kwamba mambo ya kwao ayapeleke kwa mwalimu wa ushauri, na kwamba amewapotezea wenzake robo ya kipindi.

Msichana alisimama, vidole vimeshika ukingo wa meza. "Si mimi, mwalimu," alisema. "Lakini ningejua inaruhusiwa, ningeandika hivyo hivyo."

Mwalimu akaenda kwenye meza ya msichana kuchukua ushahidi. Kishikwambi kilikuwa cheusi tii. Jirani yake akasema kilikuja bila chaji, tangu kipindi kianze walikuwa wakitumia kimoja wawili. Mwalimu alisimama nacho mkononi, na nyuma yake darasa likasoma kwa sauti moja neno la mwisho likikamilika ukutani: asome.

Aligeuka. Kona ya skrini bado ilisema thelathini na watatu.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Neno la kuomba radhi lilikuwa tayari mdomoni, lakini mwalimu wa taaluma alikuwa akimtazama, basi akalimeza. "Kaa," alisema. Akarudi mbele na kukifuta kile kiputo mara ya tatu, maana hakujua kingine cha kufanya na mikono yake.

Kengele ilipolia, mwalimu wa taaluma alimpa mkono. Alisema somo limemfurahisha, amepita, na darasa analiweza. Mwalimu alishukuru huku akitazama sakafu. Msichana alipita karibu yao, akasema, "Asante, mwalimu," kama alivyosema kila siku. Afadhali angetukana.

Chumba kilipobaki kitupu alikaa kwenye kiti cha yule msichana. Aliona haya kama mtu aliyekutwa anaiba. Aliamua kwamba kesho ataomba radhi mbele ya darasa lote, na kwamba leo hii atamjua huyo Kobe, ili wote wawili waombe pamoja. Akatoa simu na kulifungua kundi la darasa atazame nani aliandika nini.

Linki ilikuwepo. Alipotoka humo akaona, kwenye orodha ya makundi, kundi la nyumbani nalo lina linki ile ile, imetumwa na yeye mwenyewe, dakika ile ile ya alfajiri. Mtu mmoja tu ndiye aliyejibu, dada yake.

"Mdogo wangu, nimeandika sababu mara tatu kama ulivyoagiza, naona inafutika. Labda nabonyeza vibaya. Usinichoke, nitajaribu tena."