Mashine ya Chumba cha Juu

Mahamali wanne walikuwa katikati ya ngazi, na Mwanakuu aliomba khutba ya Ijumaa iwe ndefu.

"Polepole na ukuta wangu!" alinong'ona. "Mkiuchubua, mtajua mimi ni nani."

Kipande cha mwisho cha mashine kilishuka kimefungwa kamba kama ng'ombe wa kuchinjwa. Chuma hicho kilikuwa ofisini, bandarini Mombasa, kikihesabu shehena za meli kwa kadi zenye matundu. Mwaka wa pili baada ya Uhuru ikaja mashine mpya, ikawekwa Nairobi, na hii kuukuu ikawa haina pa kwenda. Jamaldin, mwana wa pekee wa Mwanakuu, aliyefanya kazi humo, ndiye aliyeomba kuitunza. Akaileta nyumbani vipande vipande, akakijaza chumba cha juu, chumba alichokiweka Mwanakuu kwa ajili ya mkwe.

Tangu hapo mama alikula peke yake. Mtoto akitoka kazini husalimu, hupanda. Huko juu hupangusa chumvi ya bahari, hutia mafuta, hufunika shuka. Akiitwa, jibu lilikuwa lile lile: "Naja, mama. Nisipoitunza itaharibika."

Itaharibika! Na yeye Mwanakuu, mjane wa miaka sitini na mbili, nani wa kumfunika shuka?

Siku moja alimwuliza, "Hivi waipenda hiyo kushinda mimi?"

Jamaldin alichukua kopo lake la mafuta. Kisha akapanda.

Kwa hivyo Nicanor alipobisha hodi Jumatano, Mwanakuu alimwona kama aliyeletwa na Mungu. Nicanor alikuwa akifanya kazi na Jamaldin zamani. Sasa alitoka Nairobi.

"Shikamoo, mama. Ofisi yazikusanya mashine za zamani mahali pamoja, vijana wapate kujifunza. Jamaldin tumemwandikia mara tatu. Kila mara ajibu kwamba nyumba ni yako, nawe umekataa isitolewe."

"Mimi?" Mwanakuu akashika kifua. Hakuwahi kuulizwa hata siku moja. "Mwongo mkubwa huyo! Njoo Ijumaa, atakapokuwa msikitini."

Na Ijumaa ndiyo hii. Mashine ilipokwisha kupakiwa mkokotenini, Nicanor alimpa Mwanakuu karatasi, naye akatia dole gumba bila kuuliza.

"Mama, una moyo mgumu," Nicanor alisema. "Yangu ilipofika, mama yangu alilia siku tatu."

"Alilia kwa ajili ya chuma?"

Nicanor akacheka mpaka akafuta macho, akidhani anataniwa. Akamwachia barua ya kumpa Jamaldin, akaufuata mkokoteni kuelekea stesheni.

Mwanakuu alifagia chumba cha juu, akafungua madirisha. Upepo ukaingia humo mara ya kwanza kwa mwaka mzima. Akatandika mkeka chini, akaandaa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Sahani mbili.

Jamaldin alirudi, akasalimu, akapanda kama kawaida yake. Aliposhuka, alishuka ngazi moja moja, mkono ukutani.

"Usininunie," mama alisema upesi, roho juu. "Keti ule. Leo tutakula pamoja, na kesho, na keshokutwa. Na hii barua yako, kaileta Nicanor."

Alidhani atafokewa. Jamaldin aliisoma barua, akairudia. Akanawa, akaketi karibu naye magoti yakigusana, kama alipokuwa mtoto, akala mpaka sahani ikang'aa. Mama akampakulia tena kwa furaha.

"Wasemaje huko Nairobi?"

"Mama," Jamaldin alisema, macho kwenye wali, "wenzangu wote, hata Nicanor, walipata barua kama hii mwaka jana, wakahamishwa huko. Mimi niliachwa Mombasa kwa sababu ilibidi mtu abaki kuitunza ile. Wasema niifuate kwa gari moshi la kesho."