Dakika Tisini za Kuongea na Mghoi

Mama Mwadime, jirani wa Wakesho wa ukuta mmoja, anaapa kuwa kuna mwaka refa aliona huruma, akaongeza dakika kumi za bure ili bibi mmoja wa Himo, ng'ambo ya mpaka, amalize kumwimbia kwa simu mjukuu wake wa huku Taveta. Wakesho hakubishana naye. Simu za kuvuka mpaka hufunguliwa timu za mataifa mawili zikicheza tu, na kipenga cha mwisho kikilia hukatika, hata kama neno liko mdomoni.

Mechi iliyopita ilichezwa miaka miwili nyuma. Mghoi, dada yake aliyeolewa Himo, alisema kwa sauti ndogo, "Wakesho, kuna jambo nataka nikwambie."

Naye, macho kwenye televisheni, akajibu, "Ngoja kwanza, tunapiga penalti! Leo mtatutambua!"

Ikaingia. Akapiga vigelegele mpaka simu ikakatika. Tangu siku hiyo ushindi ule umemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Leo aliifunika televisheni kwa leso kabla mpira haujaanza. Simu iliita karibu dakika kumi, ndipo akapokea Mkamburi, binti wa Mghoi.

"Shikamoo, mama mdogo. Leo mna bahati, golikipa wetu anaumwa," alisema harakaharaka.

"Marahaba, mwanangu. Sitaki habari za mpira. Nipe mama yako."

"Mama aliingoja mechi hii mpaka mwezi uliopita, mama mdogo," alisema msichana. Kule kwao uwanja ulisikika ukishangilia.

"Mkamburi, bado tuna dakika themanini nzima. Tafadhali, nipe mama yako."